SAMAKI WA ZIWA MWERU, NA MTU ANAYETAKA KUWAVUA

Mashauri kwa watu wa vijiji vya nyuma ya migodi

Ninyi mnaokaa katika vijiji vya kando ya migodi, toka Kipushi na Lubumbashi mpaka njia ya Kasenga, mnamjua samaki wa Luapula. Mnamla pamoja na bukari, mnamnunua sokoni akiwa mbichi au mkavu, na baba zenu walimla zamani katika posho ya kazi. Lakini kumla samaki ni jambo moja, na kujua maisha yake ni jambo lingine. Tena wako kati yenu wanaokwenda ziwani wakati wa mapumziko na ndoana zao, wakarudi na kikapu kitupu, wakasema, "Ziwa limekufa."

Ziwa halikufa. Lakini limechoka, na kuna sababu zake. Katika kurasa hizi tutaeleza mambo manne: ziwa lilivyo, samaki wanaokaa ndani yake na tabia zao, mtu wa ndoana atapata nini, wapi na saa gani, na kwa nini samaki fulani walikwisha zamani, ili wengine wasikwishe kwa njia ile ile. Msome polepole, na mwenye kujua kusoma amsomee asiyejua.

1. ZIWA LENYEWE

Ziwa Mweru liko kaskazini ya nchi ya migodi. Ramani za Kifaransa huliandika Moero. Mpaka wa Kongo na Zambia unapita ndani ya maji yake, basi upande wa magharibi ni wetu na upande wa mashariki ni wa jirani zetu. Urefu wake ni kama kilometa 130, na upana wake karibu kilometa 50. Eneo lake lote ni zaidi ya kilometa za mraba 5,000.

Maji yake ni matamu, hayana chumvi. Mto Luapula unaingia kutoka kusini, nao unatoka katika nchi ya Bangweulu yenye vinamasi vikubwa. Mto Kalungwishi unaingia kutoka mashariki, upande wa Zambia. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, huko Pweto, kaskazini, ambako maji yanaitwa Luvua. Luvua inakwenda kukutana na Lualaba huko Ankoro. Kwa hiyo ziwa ni kama nyumba yenye milango: kusini maji yanaingia, kaskazini yanatoka. Samaki wanaijua milango hiyo kuliko sisi.

Ziwa hili si refu sana kwenda chini. Kwa kadiri ya kawaida kina chake ni meta 7 au 8 tu. Pahali penye kina kikubwa ni kaskazini na mashariki, ambako kunafika kama meta 27. Lakini kusini, Luapula inapoingia, maji ni mafupi, na pana matete na mafunjo mengi.

Je, mafunjo hayo ni uchafu tu? Hapana. Mkulima anajua kitalu ni nini: ni pahali pa kivuli ambapo miche midogo inalelewa mpaka ipate nguvu. Basi mafunjo ya kusini ni kitalu cha ziwa. Samaki wadogo wanajificha mle, wanakula vijidudu na uteleziteleze wa majani, na samaki wakali hawawafikii kwa urahisi. Mtu akichoma mafunjo au akikokota wavu wenye matundu madogo ndani yake, anang'oa miche ya kitalu.

Maji ya ziwa hupanda na kushuka kila mwaka. Mvua huanza kunyesha karibu na mwezi wa kumi na moja, lakini maji ya Luapula huchelewa, kwa sababu vinamasi vya Bangweulu huyashika kwanza kama sifongo. Kwa hiyo ziwa hujaa sana karibu na mwezi wa tano, mvua zimekwisha kukatika, kisha hushuka mpaka mwanzo wa mwaka. Mvuvi asiyefahamu jambo hili atatafuta samaki pahali walipokuwa, na si pahali walipo.

2. SAMAKI NA TABIA ZAO

Samaki wa Mweru ni wa namna nyingi sana. Hatuwezi kuwataja wote. Tutawataja wale ambao mtu hukutana nao mara nyingi katika mtumbwi na sokoni, kwa majina yanayotumiwa huko Luapula.

PALE. Huyu ni samaki mpana, mwenye magamba, na nyama yake ni tamu. Chakula chake ni uteleziteleze wa majani na vitu vidogo sana vinavyoelea majini. Dume husafisha pahali penye mchanga katika maji mafupi, akafanya kiota. Jike huja, hutaga mayai pale, kisha huyakusanya kinywani mwake. Huyashika mayai kinywani mpaka yaanguliwe, na watoto wakitoka, huwaachia waogelee karibu naye, na hatari ikija huwaita tena kinywani. Fikirini basi: mtu anayemtoa mama wa pale majini wakati huo hakuvua samaki mmoja. Amevua nyumba nzima. Mayai ya pale si mengi kama ya samaki wengine, kwa sababu Mungu alimpa kuyalinda badala ya kuyatupa.

MPENDE. Ni jamaa ya pale, lakini yeye hula majani yenyewe. Hukaa penye nyasi za majini. Hashiki mayai kinywani. Baba na mama huyalinda pamoja chini ya maji.

MAKOBO na NTEMBWA. Makobo ana kinywa kikubwa naye huwinda samaki wadogo. Ntembwa hutafuta chakula chake chini, katika mchanga na matope.

MPUMBU. Huyu ni samaki mnene wa mto na ziwa. Mdomo wake uko chini, naye hulamba chakula juu ya mawe na matope. Tabia yake ya kuzaa ni mbali kabisa na ile ya pale. Wakati wa mvua, maji yakianza kupanda, mpumbu walikusanyika makundi makubwa wakapanda Luapula pamoja kwenda kutaga. Jike la mpumbu lina mayai maelfu mengi, lakini halilindi hata moja. Linayaacha penye maji ya mafuriko na kurudi. Habari za mpumbu tutazieleza tena mbele, maana ndani yake mna fundisho.

MANDA. Ana meno yaliyo nje, makali kama msumeno, na mistari myeusi ubavuni. Ni mwindaji wa mchana. Hupenda maji yanayokwenda mbio na yaliyo safi. Hummeza samaki mwingine mzima.

KAMBALE, ambaye watu wa Luapula humwita muta. Hana magamba, ana ndevu. Anaweza kuvuta hewa ya juu, kwa hiyo hafi upesi katika matope wala katika maji mabaya. Mvua kubwa za kwanza zikinyesha, kambale hutoka usiku na kuingia katika nyasi zilizofunikwa na maji ili kutaga. SAMPA ni ndugu yake mkubwa.

MBOWA na MONDE. Hawa pia hawana magamba, nao hukaa chini. Hula wadudu, konokono na vitu vya matopeni. Wana miiba mikali ubavuni na mgongoni. Mshike kwa akili.

CHISENSE. Ni samaki mdogo sana, hapati hata urefu wa kidole, mweupe kama fedha, wa jamaa moja na ndagala wa Tanganyika. Hukaa makundi makundi katika maji ya wazi. Hukua upesi na kuzaa upesi. Maisha yake ni kama mwaka mmoja. Huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, nuru ya taa haiwavuti tena, na wavuvi hupumzika.

3. MTU WA NDOANA ATAPATA NINI?

Ndoana si kazi ya mtoto tu. Ina faida tatu. Kwanza, bei yake ni ndogo. Pili, huchagua: ndoana kubwa haimshiki samaki mdogo. Tatu, samaki mdogo akishikwa, unaweza kumrudisha majini akiwa hai. Wavu hauwezi kufanya hivi. Lakini mtu wa ndoana lazima ajue nani anakula nini. Kuweka nyungunyungu mbele ya samaki anayekula uteleziteleze ni sawa na kumwekea mbuzi nyama.

Kwa sababu hiyo, anayekwenda Mweru kwa tamaa ya pale na ndoana moja, mara nyingi atarudi na huzuni. Pale ni samaki wa wavu. Pengine atakubali bonge dogo sana la bukari juu ya ndoana ndogo, lakini usimtegemee. Afadhali umtafute mpende. Huyu anakula bonge la bukari na nyungunyungu pia. Kaa kando ya nyasi za majini, penye maji ya meta 1 au 2, asubuhi jua likipanda au jioni. Tumia ndoana ndogo na uzi mwembamba, na usipige kelele katika mtumbwi.

Makobo hupatikana kando ya matete, pahali maji ya wazi yanapokutana na majani. Tia samaki mdogo kama chambo. Vuta polepole, kisha simama, kisha vuta tena, ili chambo kionekane kama samaki mgonjwa.

Manda ni furaha ya mvuvi mwenye nguvu. Mtafute penye mwendo wa maji: huko Pweto ambako Luvua inatoka, na penye midomo ya mito. Uzi peke yake hautoshi, maana ataukata mara moja kwa meno. Funga waya mwembamba kati ya uzi na ndoana, urefu wa shubiri moja na nusu. Kinywa chake ni mfupa mtupu. Ndoana butu haiingii. Inoe juu ya jiwe mbele ya kuanza kazi. Akishikwa ataruka juu ya maji na kutikisa kichwa. Usilegeze uzi hata kidogo. Ukimtoa, usitie kidole karibu na kinywa chake mpaka amekufa kabisa.

Kambale ni wa usiku. Tia nyungunyungu wengi, au matumbo ya kuku, au kipande cha samaki aliyeanza kunuka. Chambo kilale chini penye matope. Wakati mzuri ni toka jua kutua mpaka katikati ya usiku, hasa maji yanapoanza kupanda. Monde na mbowa hushikwa kwa chambo hicho hicho, lakini penye maji marefu zaidi. Wavuvi wengi hutumia kamba ndefu yenye ndoana nyingi, huitega jioni na kuitazama alfajiri. Usiiache mpaka saa sita ya mchana, maana samaki waliokufa mapema wataoza, na mamba watafuata harufu.

Sasa neno la hatari. Miezi ya baridi, yaani wa sita na wa saba, upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu na mawimbi husimama upesi, kwa sababu ziwa si refu kwenda chini. Mtumbwi mdogo usiende mbali na pwani. Ukiona maji ya mbali yamekuwa meusi na yenye povu, rudi. Usingoje kuvuta ndoana ya mwisho. Wala usisimame ndani ya maji jioni kando ya matete: mamba anajua saa hiyo kuliko wewe.

4. HABARI ZA MPUMBU

Sasa tueleze kwa nini wazee husema zamani samaki walikuwa wengi.

Migodi ya shaba ya Katanga ilianza kazi kubwa mwaka 1911. Watu maelfu walikuja kufanya kazi, nao walihitaji chakula. Samaki wa Luapula alikuwa karibu kuliko nyama ya mbali. Katika miaka ya 1920 na 1930 wafanya biashara Wagiriki walikaa Kasenga, wakanunua samaki, wakawapakia katika barafu na kuwapeleka kwa gari mpaka mji ulioitwa wakati ule Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo. Wavuvi wa pande zote mbili za mto waliuza kwao. Mpumbu alipendwa kwa unene wake, na mayai yake pia yaliliwa.

Kumvua mpumbu kulikuwa rahisi sana wakati wa kupanda mto. Hakuna haja ya kumtafuta. Yeye mwenyewe anakuja, makundi kwa makundi, na njia yake ni moja. Watu walitega nyavu katika njia hiyo, mwaka kwa mwaka, na nyavu ziliongezeka, na bei ilikuwa nzuri. Lakini angalieni: samaki wanaopanda mto ni samaki wenye mayai. Kila jike lililokamatwa njiani halikufika kutaga. Mkulima anayekula mahindi ya ghalani anakula chakula; mkulima anayekula mahindi aliyoyachagua kuwa mbegu anakula shamba la mwaka ujao.

Mwisho wa miaka ya 1940 makundi ya mpumbu yalivunjika. Watu walitega nyavu kama kawaida na nyavu zikatoka tupu. Mpumbu hakupotea kabisa, lakini yale makundi makubwa ya zamani hayakurudi tena. Miaka mingi imepita toka wakati ule. Mtoto aliyezaliwa Kasenga leo anajua jina la mpumbu kwa kusikia kuliko kwa kula.

Baadaye, katika miaka ya 1950, nyuzi za nailoni zilikuja. Wavu wa pamba ulioza upesi na ulitaka kukaushwa kila siku. Wa nailoni hauozi, hauonekani vizuri majini, na mtu mmoja anaweza kutega nyingi. Wavuvi wakaelekea kwa pale. Naye pale alipungua, na katika miaka ya 1970 na 1980 wavuvi waliona wazi kwamba wakubwa ni wachache. Basi watu wakageukia chisense, ambaye mbele hakuwa biashara kubwa. Toka miaka ya 1980 chisense amekuwa chakula na fedha ya watu wengi wa Mweru, tena wanawake wengi wanajipatia riziki kwa kumkausha na kumuuza.

Mnaona njia ilivyo? Kwanza mkubwa wa mto, kisha mpana wa ziwa, kisha mdogo kuliko wote. Chisense ana nguvu ya kuzaa upesi, kwa hiyo anavumilia kuvuliwa kuliko wenzake. Lakini chini ya chisense hakuna samaki mwingine wa kugeukia.

5. WAVU NA HESABU YAKE

Wavu si mbaya. Ubaya uko katika matundu yake na pahali unapotegwa. Tufanye hesabu.

Tuseme mtu ana wavu wa matundu madogo, naye akashika pale wachanga 40, kila mmoja ana gramu 50. Jumla ni kilo 2. Jirani yake ana wavu wa matundu makubwa, na wale 40 wakapita. Tuseme nusu yao wakafa au wakaliwa na manda, wakabaki 20. Hao 20 wakikua mpaka gramu 400 kila mmoja, jumla ni kilo 8. Tena majike kati yao wamekwisha kuzaa. Mtu wa kwanza alipata kilo 2 na hana kesho. Mtu wa pili alingoja, akapata kilo 8 na watoto wao wako majini.

Lakini mtu atajibu, "Nikiwaacha mimi, mwingine atawachukua." Neno hili ni kweli, na ndiyo sababu kazi hii si ya mtu mmoja. Ni ya kijiji kizima, na ya vijiji vyote vya pwani, upande wetu na upande wa Zambia. Samaki hana pasi ya kuvuka mpaka.

Namna ya kupima tundu la wavu: shika fundo mbili zinazotazamana, vuta mpaka nyuzi zilale pamoja, kisha pima toka fundo mpaka fundo. Kwa pale, tundu lisilofika upana wa vidole vinne vya mtu mzima linashika watoto. Wavu wa chisense ni lazima uwe na matundu madogo, kwa sababu yeye ni mdogo. Lakini kazi yake ni katika maji ya wazi, usiku, penye taa. Ukiukokota kando ya mafunjo, hutatoa chisense. Utatoa watoto wa pale, wa mpende na wa makobo.

Mambo mengine matatu ni mabaya kabisa:

Kwanza, chandarua cha mbu. Kilitolewa kwa kuwalinda watoto wasipate malaria. Majini kinafagia hata samaki wenye urefu wa punje ya mchele, na dawa iliyo ndani yake ni sumu kwa viumbe vya majini.

Pili, majani ya sumu, ambayo watu wa Luapula huyaita buba. Yanaua wakubwa na wadogo pamoja, na wengi hufa chini bila kuokotwa.

Tatu, kuziba mto mzima kwa ua wa miti na migono wakati samaki wanapanda. Acheni mlango. Mpumbu alikwisha kwa sababu hakuachiwa mlango.

6. WAKATI WA KUPUMZISHA MAJI

Upande wa Zambia sheria inafunga uvuvi toka tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili mpaka mwisho wa mwezi wa pili. Miezi hii ni ya mvua, samaki wengi wanataga. Kwetu Kongo, mbele ya kutia wavu, uliza mtu wa serikali anayeangalia uvuvi katika Kasenga, Kilwa au Pweto, akueleze siku za kufunga na nyavu zinazoruhusiwa. Usimwulize mtu wa sokoni.

Wengine wanafikiri kufunga maji ni jambo la kigeni. Si hivyo. Huko Luapula wazee walikuwa na wenye nchi na wenye mabwawa, na mtu hakuingia kuvua katika bwawa mpaka mwenyewe amelifungua. Tena kuna habari ya Nachituti, ambayo kila mtu wa Luapula anaijua: ndugu yake Nkuba alimwua mwana wake, naye akamwendea Mwata Kazembe kutaka kisasi, kisasi kilipolipwa, alimpa Kazembe kikapu cha udongo na chungu cha maji, ndiyo nchi na ziwa. Maji yalihesabiwa kuwa mali yenye mwenyewe, kama shamba. Kitu chenye mwenyewe kina mtu wa kukilinda.

7. MAJI YANAYOTOKA MIGODINI

Neno hili ni lenu hasa, ninyi mnaokaa karibu na migodi. Pengine mnafikiri ziwa liko mbali na haliwahusu. Tazameni njia ya maji. Kijito cha Lubumbashi kinaingia katika mto Kafubu. Maji ya Kipushi pia yanakwenda Kafubu. Kafubu inaingia katika Luapula, na Luapula inaingia katika Mweru. Basi kinachotupwa penu kinaanza safari ya ziwani.

Shaba ikiyeyuka majini, hata kidogo sana, ni sumu kwa samaki. Huharibu mashavu yake anayovutia hewa. Samaki wachanga na mayai hufa kwanza, na mtu haoni mizoga, anaona tu kwamba mto hauna samaki. Msioshe mawe ya madini katika kijito ambacho watu wa chini wanakunywa na kuvua. Mkiona maji yamebadili rangi, au samaki wanaelea, msiwaokote kwa kula. Pelekeni habari kwa mkuu wa kijiji siku ile ile, mtaje pahali na saa, na mtie maji kidogo katika chupa safi ili yapimwe.

8. SAMAKI ASIOZE

Samaki aliyeoza ni samaki aliyeuawa bure. Kazi ya kulinda ziwa inaendelea mpaka jikoni.

Mpasue samaki mapema, toa matumbo, osha kwa maji safi. Samaki mkubwa mpasue mgongoni ili afunguke kama kitabu. Mtie chumvi, umwache usiku mmoja, kisha mkaushe kwa jua au kwa moshi. Moto usiwe mkali. Tunataka moshi na joto la polepole, si kumchoma nje na kumwacha mbichi ndani. Chumvi inawafukuza pia wadudu wanaokula samaki mkavu gunia zima. Chisense usimwanike chini juu ya mchanga. Fanya kitanda cha matete au wavu juu ya miti, ili upepo upite chini na mnunuzi asitafune mchanga.

Mjue tena kwamba samaki mbichi kilo tatu au nne hutoa kilo moja ya samaki mkavu. Mnunuzi asiyejua husema bei ni kubwa. Anayejua anafahamu kwamba amenunua nyama bila maji. Na chisense, kwa kuwa huliwa pamoja na mifupa, huwapa watoto nguvu ya mifupa na meno.

9. MANENO YA KUKUMBUKA

Mafunjo ni kitalu. Usiyachome, usikokote wavu ndani yake.

Kila samaki ana chakula chake na saa yake; chagua chambo kwa akili.

Ndoana ikimtoa samaki mchanga, mrudishe akiwa hai.

Samaki anayepanda mto wakati wa mvua amebeba shamba la mwaka ujao, mwachie njia.

Maji ya migodi yanafika ziwani.

Mtu wa ndoana anayekwenda Mweru leo hatarudi na mtumbwi uliojaa, kama wazee wanavyosimulia. Lakini akijua mahali na saa, atarudi na mpende wa kutosha chungu, au kambale wawili, na pengine manda mmoja wa kuwasimulia wenzake. Hii si haba. Na kama vijiji vya pwani vitapanua matundu ya nyavu na kuheshimu miezi ya kufunga, pale wakubwa wanaweza kuongezeka tena, kwa sababu mbegu yao bado iko majini. Mbegu ya yale makundi ya mpumbu iliuzwa sokoni kwa franga, na franga zile zimekwisha zamani.